Mjukuu Wangu Alinizika Jukwaani, Nami Nimekaa Meza ya Mbele

“Bibi yangu alifariki mwaka jana.”

Hayo ni maneno ya mjukuu wangu. Aliyasema kwenye maiki, taa imemmulika usoni, mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Watu wakaguna, “Aaaah…”

Na mimi nilikuwa palepale! Meza ya mbele, kiti cha ukingoni, kikombe cha chai mkononi.

Msije mkadhani labda ana bibi mwingine. Hana. Bibi yake ni mimi.

Mama mmoja niliyekaa naye meza moja akatoa kitambaa, akaanza kujifuta macho.

“Maskini mtoto wa watu,” akaninong’oneza. “Mdogo hivi, ameshafiwa.”

“Maskini,” nikasema.

Nikanywa chai. Haikuwa na ladha yoyote. Sikujua kama wamesahau sukari au ni mimi.

Sasa tulieni niwasimulie, maana jambo lenyewe ukilisikia kwa haraka utasema bibi huyu anatunga.

Huyu mtoto nimemlea tangu hajaota meno. Mama yake, yaani binti yangu, aliolewa mbali, akapata watoto wengine, akawa mtu wa kupiga simu sikukuu hadi sikukuu. Baba yake sina habari zake na wala simtafuti. Basi nyumbani tukabaki wawili. Yeye na mimi, na redio.

Alipomaliza shule akaniambia, “Bibi, nataka kwenda chuo cha jukwaa.”

“Useremala?” nikamuuliza.

“Useremala gani tena?”

“Si wa kutengeneza majukwaa?”

Alicheka mpaka akakaa chini!

Kumbe ni chuo cha ufundi kama vingine, ila ufundi wenyewe uko mwilini mwako. Wanafundishwa kuimba, kucheza na kuigiza, vyote kwa pamoja. Unaimba huku unapanda ngazi mbio. Unaimba huku mwenzako amekubeba begani kama gunia, na uso unatakiwa utabasamu kana kwamba umekaa kwenye kochi.

Halafu kuna somo la kuimba katikati ya meza. Watu wanakula na kunywa, wewe unapita kati yao unaimba, na baina ya wimbo na wimbo unawasimulia habari za maisha yako. Hilo wanasema ndilo gumu kuliko yote. Mtu ana kijiko mdomoni, na wewe kazi yako ni kumfanya akiweke chini.

Mwalimu wao mkuu wanamwita Madamu Pumzi. Jina lenyewe limetokana na kelele zake. “Pumzi! Pumzi! We binti, unaimba au unazama?”

Nyumbani nami nikawa mwanafunzi wa kulazimishwa. Madamu Pumzi alitaka neno la mwisho la kila mstari limfikie mtu wa mwisho ukumbini. Sasa nyumba yetu ina ukumbi gani? Akawa ananiweka bafuni, anafunga mlango, yeye anakwenda kusimama jikoni.

“Bibi, umesikia neno la mwisho?”

“Sijasikia!”

“Na sasa?”

“Nimesikia ‘umeondoka’! Nani kaondoka?”

“Ni wimbo tu, Bibi!”

Wimbo ule aliuimba miezi. Umeondoka, umeniacha, nani ataniita tena. Nikajua tayari, kuna kijana kamwacha mtoto wangu. Nikawa namchemshia chai ya tangawizi kila jioni, namhurumia kimyakimya, simuulizi, nasubiri aseme mwenyewe.

Kumbe aliyeondoka ni mimi!

Basi mtihani wa mwisho ukakaribia. Mtihani wenyewe ni onyesho. Siku hiyo anakuja mkurugenzi wa kundi moja kubwa, linalozunguka kwenye hoteli na kumbi za nchi za watu, kuchagua mwimbaji mmoja.

Mmoja tu.

Mjukuu wangu akawa hali, halali. Akikaa mguu unacheza. Akiongea anashika koo.

“Bibi, nikikosa hapa sina pengine,” akaniambia. “Nimejifunza kitu kimoja tu duniani.”

“Hutakosa. Nitakuja nikupigie makofi.”

“Hapana, Bibi. Ni walimu tu. Wageni hawaruhusiwi.”

Alisema huku anatafuta kitu kwenye mkoba. Hakukipata. Nikakubali, maana chuo ni chao na taratibu ni zao.

Siku moja kabla, yeye akiwa mazoezini, simu yangu ikalia. Alikuwa rafiki yake wa chuoni, binti mmoja wanamwita Kengele kwa sauti yake nyembamba ya juu.

“Bibi shikamoo! Madamu Pumzi anasema uje kesho mchana kwenye onyesho. Umetengewa kiti.”

“Si wamesema wageni hawaruhusiwi?”

“Wageni wamejaa, Bibi! Ila usimwambie mjukuu wako. Madamu anasema iwe sapraizi.”

Nikafurahi, nisiseme uongo. Nikapiga pasi gauni langu la bluu. Nikatafuta kilemba kinachoendana nalo.

Nilipofika mapazia yalikuwa yameshushwa, mchana umegeuzwa usiku. Kijana wa mlangoni akanipeleka moja kwa moja mbele. “Kiti chako hiki, mama. Madamu amesisitiza.” Nikaona nimeheshimiwa.

Ndipo akapanda mjukuu wangu, akasema lile neno.

Na hakuishia hapo jamani. Akaendelea!

“Bibi yangu alikuwa na kikohozi,” akawaambia watu. “Anakohoa mara mbili, halafu anasema, ‘Nipo, nipo,’ kana kwamba kuna mtu kamuuliza.”

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha huruma.

Ni kweli. Ninacho hicho kikohozi. Na palepale kikaanza kunitekenya kooni! Nikakibana. Nikameza chai. Nikakibana tena. Nikikohoa tu, nimeumbuka, na yeye ameumbuka.

“Siku ya mwisho nilimshika mkono hospitalini. Shuka zilikuwa nyeupe. Dirisha lilikuwa wazi. Akaniambia, ‘Usilie, mwanangu. Kila utakapoimba, mimi nitakuwa kwenye pumzi yako.’”

Mama wa mezani kwangu akalia kwa sauti.

Mimi maneno mazuri kiasi hicho sijawahi kuyasema maishani. Mimi nasemaga, “Funga mlango, mbu wanaingia.”

Lakini alikuwa amenipa kifo kizuri. Shuka safi, hewa, hakuna aliyenisumbua. Nilikisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Nikangoja moyo uume. Haukuuma. Nikangoja hasira. Haikuja. Nikatazama mikono yangu juu ya kitambaa cha meza. Nikaona ni mikono tu, ya mtu fulani.

Meza ya pili alikaa bwana mmoja wa koti la kijivu na miwani. Kila mtu alikuwa akimtupia jicho, nikajua huyo ndiye mkurugenzi.

Kijiko chake kilikuwa chini.

Piano ikaanza. Wimbo ule wa bafuni.

Sasa hapa kuna jambo la ufundi wao lazima niwaeleze, msipolijua hamtaelewa yaliyonipata. Wimbo ukianza, mwimbaji anashuka jukwaani, anamwendea mgeni mmoja, anamnyooshea mkono, anamwimbia yeye peke yake. Na Madamu Pumzi aliwawekea sheria. Unamchagua mtu ukiwa bado juu. Ukishaanza kushuka hugeuki. Na mkono ukishaunyoosha, haurudi! Hata mgeni akununie. Ukiurudisha, ukumbi mzima unajua umeogopa, na umefeli.

Tatizo ni kwamba kule juu taa inawapiga machoni. Hawaoni nyuso. Wanaona vivuli. Huyu mnene, huyu ana kofia, huyu mzee.

Wimbo wa mjukuu wangu ulitaka bibi kizee. Akaangaza vivuli. Akaona kilemba.

Ukumbini hapakuwa na mzee mwingine.

Akaanza kushuka.

Nikamwona anakuja, nikajua haoni. Anatabasamu lile tabasamu la chuoni, la kubebwa begani. Ngazi ya mwisho. Akapita meza ya mkurugenzi. Akafika kwangu.

Akanyoosha mkono.

Ndipo akatoka kwenye mwanga, akaniona.

Sijawahi kuona uso ukibaki na tabasamu wakati mwenyewe ameshaondoka.

Mkono ukabaki hewani. Vidole vinatetemeka. Mpiga piano akadhani binti anavuta muda, akarudia mstari. Akaurudia tena.

Nikasema moyoni, rudisha mama. Rudisha tu mkono, twende zetu nyumbani.

Hakurudisha.

“Mama…” akasema kwenye maiki.

Mama! Mimi!

“Mama, naomba… unaweza kuwa bibi yangu kwa wimbo mmoja?”

Ukumbi ukashusha pumzi. Mwenzangu wa mezani akanigonga kiwiko.

“Kubali, mama! Kubali jamani!”

Nikamtazama mtoto. Nikamtazama mkurugenzi, amesogea ukingoni mwa kiti. Neno langu moja lilitosha. “Bibi yako si ndiye mimi?” Basi! Chuo, miaka yote, koo, miguu, vyote vingekwisha palepale.

“Nitajaribu, binti,” nikasema.

Watu wakapiga makofi!

Nikaushika mkono wake. Wa baridi kama chuma cha geti asubuhi. Akaimba. Ubeti wa kwanza ukaenda. Ubeti wa pili… ukamkwama! Mdomo uko wazi, maneno hayaji. Ananitazama kama alivyokuwa akinitazama mdogo akijikwaa, kabla hajaamua kulia.

Maneno nilikuwa nayo. Nani ataniita tena. Nikayatamka kwa midomo tu, bila sauti. Akayasoma midomoni mwangu, akayaimba. Katikati sauti ikapasuka, ikatoka na mkwaruzo ambao sikuwahi kuusikia kule bafuni, na watu wakalia mpaka mhudumu akasimama na trei yake.

Aliyekuwa mkavu ukumbini ni mimi peke yangu.

Pazia liliposhuka, nikainuka. Nikapita mlango wa pembeni, nikajikuta kwenye korido ya nyuma, wanakojipodolea na kubadilisha nguo. Mabinti wanapakana poda, mmoja anashonwa zipu akiwa amevaa. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nikasikia viatu vinakimbia.

“Bibi!”

Nikageuka. “Bibi yako si amefariki?”

“Bibi, tafadhali… punguza sauti.”

Jamani, hilo ndilo nililolisikia vizuri kuliko yote. Kifo changu kilitangazwa kwa maiki. Uhai wangu ndio unaotakiwa kunong’onwa.

“Nimepunguza,” nikasema.

“Bibi, nisikilize. Madamu alituambia kila mtu alete kitu alichopoteza. Mmoja akamleta baba yake. Mwingine akaleta mguu, ulivunjika, hawezi tena kuruka kama zamani. Kengele akaleta nyumba yao iliyoungua. Mimi nikamleta mama.”

“Mama yako yupo.”

“Nikaimba alivyoniacha. Madamu akasema, ‘Siamini. Kaa chini.’ Wiki nyingine, ‘Kaa chini.’ Nyingine, ‘Kaa chini!’ Bibi, mama sikumkosa mimi. Ulikuwepo wewe. Nitamlilia vipi mtu ambaye sikupata nafasi ya kumhitaji?”

Nikakaza kilemba changu.

“Siku moja nikasema basi, leo naimba kuhusu bibi. Nilipokutaja tu, nikalia. Darasa zima likalia. Madamu akauliza, ‘Alifariki lini?’”

“Ukasemaje?”

“Nilitaka kusema hajafa. Lakini walikuwa wananitazama, Bibi. Wote! Kwa mara ya kwanza…” Akashika koo. “Nikasema mwaka jana. Kengele, anayekujua, akanifichia.”

“Na ulikuwa unalia nini, kama nipo?”

“Nilikuwa naililia siku utakayokufa.”

Najua mnaosoma hapo mmetoa machozi. Mimi sikutoa. Nilijua kwamba ni jambo kubwa nimeambiwa, kama unavyojua kuwa chakula ni cha moto kwa kuuona moshi. Kuungua sikuungua.

“Sawa,” nikasema.

“Sawa nini, Bibi?”

“Sawa, nimesikia. Mbona umevua kiatu kimoja? Vaa, sakafu ina baridi.”

Kabla hajavaa, mlango ukafunguka! Madamu Pumzi mbele, mkurugenzi nyuma yake.

Mjukuu wangu akajifuta uso haraka. Akasogea hatua mbili pembeni yangu, kama watu wasiojuana kwenye foleni ya benki.

“Binti!” mkurugenzi akasema kwa furaha. “Mimi huwa sili nikiwa kazini, leo ulinikuta nakula, na nikaacha! Nafasi ni yako.”

“Asante… asante sana.”

“Na wewe, mama!” Akanishika mikono yote miwili. “Umesomea wapi?”

“Sikufika mbali, baba.”

“Uigizaji, namaanisha.”

“Hata huko sikufika.”

Akacheka sana. “Sikiliza, mama. Nataka uje naye. Kila onyesho unakaa meza ya mbele, yeye anashuka, anakuchagua. Watu watadhani ni bahati. Safari, malazi, chakula, vyote juu yetu.”

“Kazi yangu itakuwa nini hasa?”

“Kukaa tu, mama. Kukaa na kutomjua.”

Mjukuu wangu akainamisha kichwa.

“Siwezi,” nikamwambia yule bwana. “Nina mjukuu nyumbani.”

“Ana bahati mjukuu wako!”

Nikamsikia mtoto anatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Mkurugenzi akamgeukia mwalimu. “Lakini huyu mama ulimtoa wapi? Nilidhani ni msanii wako wa zamani, umempandikiza.”

Madamu Pumzi akacheka. Kicheko cha raha kabisa.

“Nilimtafuta mwenyewe,” akasema. “Huyo ndiye marehemu.”



Sindano ya yule aliyekuwa anashona zipu ikasimama.

“Ulijua?” mjukuu wangu akauliza. Sauti haikufika hata kwangu, sembuse mtu wa mwisho ukumbini.

“Mwanangu, nimefundisha miaka mingi. Aliyezika kweli hasimulii hivyo. Anasimulia mkavu, kama anayekusomea bei za dukani. Wewe ulikuwa unamwaga machozi ndoo nzima. Siku ileile nilijua bibi yuko nyumbani anakunywa chai.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kwa sababu sauti ilifunguka! Niifunge ya nini? Ila ilikuwa bado tamu mno. Ilihitaji kupasuka mahali. Nikasema, bibi mwenyewe nimweke njiani mwake. Kivuli chake kitamvuta, na mkono ninajua hataurudisha. Nimemfundisha mimi.”

“Ndiyo maana vidole vilitetemeka!” mkurugenzi akasema.

Wakagongeana viganja. Mbele yetu.

Yaani mimi nimekaa pale nabana kikohozi nimwokoe mtoto, na hapakuwa na wa kumwokoa naye. Tulikuwa tunaficha siri ambayo Madamu alikuwa nayo tangu mwanzo. Hatari ilikuwa kile kiti nilichodhani ni heshima.

Madamu Pumzi akanitazama, sura ikalegea kidogo.

“Samahani, mama. Umeumia?”

“Sijui,” nikasema. Na ni kweli, sikujua.

Akamgeukia mwanafunzi wake, akaninyooshea kidole kama mimi ni mchoro ubaoni. “Unaona? Tazama uso huo. Mkavu! Leo ukumbini aliyefiwa ni huyu.”

Siku ile nzima, yeye ndiye mtu pekee aliyeona nilivyokuwa. Na alilitoa kama somo.

“Basi mambo ni mepesi,” mkurugenzi akasema. “Bibi anajua, binti anajua, hakuna anayedanganywa. Tunaondoka na hadithi ileile. Binti, unasemaje?”

Mjukuu wangu akanigeukia. “Bibi… nisemeje?”

“Usiniulize mimi,” nikasema. “Mimi ni marehemu.”

Wala sikusema kwa kumkomoa. Lilitoka tu, na likakaa pale katikati yetu.

Akafuta rangi ya mdomo kwa mgongo wa mkono. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi, bila chozi hata moja:

“Leo mchana nimemzika bibi yangu huku ananitazama. Nilipokwama, akanisaidia maneno ya kumzikia. Nilipomaliza, nikamwambia apunguze sauti.”

Hakuna aliyekohoa.

Madamu Pumzi akapiga makofi! “Hiyo! Hiyo ndiyo! Ishike hivyohivyo, usiiguse! Mkurugenzi, umesikia? Hiyo ndiyo hadithi!”

“Madamu,” mjukuu wangu akasema, “siko jukwaani. Naongea na bibi yangu.”

“Najua, lakini ukiiweka kabla ya ubeti wa pili…”

“Naongea na bibi yangu!”

Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki yake. Alikuwa mtu wa kazi yake.

“Binti, fikiri vizuri. Waimbaji wazuri ninao. Ninachokosa ni mtu wa kumfanya mlaji aache kula. Hadithi ya kwanza au hii ya sasa, nipe mojawapo na nafasi inabaki yako.”

“Chukua sauti yangu. Hadithi hizo sitoi.”

“Sauti peke yake siichukui.”

“Basi.”

Nikafungua mdomo nimzuie. Hiyo nafasi ameililia, ameikondea, hana pengine, mwenyewe alisema. Nilipaswa kusema, kubali mwanangu, mimi ni mzee, nife mara ngapi? Lakini nilikuwa nimechoka. Nikafunga mdomo.

Akachukua mkoba wake. Tukatoka kwenye jua, yeye na gauni la kumetameta mpaka chini, mimi na kilemba. Watu njiani wakawa wanatugeukia. Mpita njia mmoja akasema, “Hongera kwa harusi!”

“Asante,” nikamjibu. Ningemwambia nini?

Nafasi ile alipewa Kengele. Alikuja kuaga, amevimba macho.

“Bibi, mimi niliambiwa nikupigie simu tu. Naapa!”

“Najua, mama. Nenda. Ukifika uvae soksi, huko kuna baridi.”

Mjukuu wangu ndiye aliyemfungia begi lake. Walilifunga pamoja, mmoja amelikalia, mwingine anavuta zipu. Lilipofungwa, hakuna aliyecheka.

Cheti alikipata. Siku hizi anaimba na bendi ya wazee kwenye ukumbi mmoja mdogo, mwisho wa wiki. Anaimba tu, hasimulii kitu. Akirudi namuuliza, “Vipi leo?” Ananiambia, “Walikula vizuri, Bibi.” Halafu anakwenda kuoga.

Mtaniuliza, je, umemsamehe?

Sijui. Ganzi inatoka polepole, kama ya mguu uliokaliwa. Wakati mwingine nikiwa naosha vyombo nasikia kitu kinachoma kifuani, nasema, ahaa, ndiyo hii. Halafu kinapita. Mimi ni mtu wa kusubiri. Nitasubiri.

Funzo langu ni hili, na nawaambia hasa vijana mnaosimulia maisha yenu jukwaani na humu mitandaoni. Mtu unayemsimulia, kama yu hai, mwendee kwanza umuulize. Ukiona huwezi kuyasema macho yake yakikutazama, basi hadithi hiyo si yako peke yako, hata kama inakuliza. Na nyie walimu, mtoto akilia darasani, muulizeni analia nini kabla hamjamsifu. Na wazee wenzangu, mkitengewa kiti kizuri mahali, ulizeni mnawekwa hapo kwa kazi gani!

Hii nayo nilimsomea kabla ya kuiweka hapa. Yote. Alikaa kitandani kwangu, magoti kifuani, akasikiliza mpaka neno la mwisho.

“Kuna pa kutoa?” nikamuuliza.

Akafikiri.

“Hapana.”

“Watu watakusema.”

“Nilifanya, Bibi. Iweke.”

Basi nimeiweka.